Maji Safi ya Mama Athanasie

Katika kijiji chetu kizima cha Kingi, huku Masisi, hakuna mwanamke anayeosha vyombo kama mama yangu. Nalisema hili nusu kwa fahari na nusu kwa hasira, maana mimi Umuhoza ndiye binti yake wa mwisho, na ngozi ya masikio yangu bado inakumbuka alivyokuwa akiisugua.

Mama Athanasie alitengeneza fromaji, yaani jibini, kwa karibu miaka thelathini, yale magurudumu meupe ya Masisi yanayoshuka Goma juu ya pikipiki. Kwetu sisi watu wa ng'ombe, maziwa yakiharibika hakuna anayeuliza ng'ombe alikula nini. Wanauliza chombo kilioshwa na nani. Bibi arusi akiletwa katika mji, mama mkwe hamtazami uso wala kiuno. Siku akikamua kwa mara ya kwanza, mama mkwe anainua kile chombo cha mti, anatia pua ndani, ananusa. Mama alinuswa hivyo akiwa na miaka kumi na tisa. Nyanya yangu hakusema neno, alikirudisha chombo chini na kuendelea na shughuli zake. Hiyo ndiyo ilikuwa diploma ya mama. Tangu hapo ni majivu, maji ya moto, brosi, jua, kisha moshi wa majani makavu ndani ya chombo, asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu.

Halafu ng'ombe wakaenda. Sitaeleza sana, wanaoishi huku wanajua. Watu wenye bunduki walipita asubuhi moja, wakawaswaga ng'ombe wetu wote kumi na tisa kuelekea bondeni. Baba yangu, Papa Kanamugire, alisimama mlangoni na fimbo yake mpaka mkia wa mwisho ulipopotea kwenye kona. Akaingia ndani, akaketi kwenye kiti kinachotazama ukuta, na hapo akakaa mwaka mzima na miezi yake. Ukimsalimu anaitika kwa kichwa. Ukimpa viazi anakula. Maneno, hapana.

Mama naye akaendelea kuosha. Havikuwa na maziwa vile vyombo, havikuwa na kitu, lakini alivisugua asubuhi na jioni, akavipanga juani na kuvifukiza moshi.

"Mama, hiyo chombo ilishikwa na nani tangu jana?" nilimuuliza siku moja.

"Vumbi," akajibu.

Mimi hasira zangu ziko karibu. Nafundisha watoto sitini wa darasa la tatu, na nikirudi nyumbani nataka kukuta watu wanaokaa na kuzungumza kama watu. Nilikuwa nakuta mmoja anautazama ukuta na mwingine anazunguka na ndoo. Nilimfokea mama zaidi ya mara moja. Yeye alikwenda kusugua kizingiti.

Samaki waliletwa na kaka yangu Gentil. Yeye ni dereva Goma, na mama mmoja mgeni aliyekuwa akimwendesha alimaliza kazi yake akarudi kwao. Akagawa vitu vya nyumba. Wengine walipata friji, wengine magodoro, Gentil wetu akapata samaki watano wa rangi rangi, wa kufugwa ndani ya sanduku la kioo. Huku kwetu ukimtajia mtu samaki, anawaza kumla kwa sombe ya majani ya mihogo na mafuta ya mawese. Hawa walikuwa wa kutazamwa tu. Walipanda kutoka Goma juu ya pikipiki ndani ya bidoni, lile dumu la manjano, lililokatwa mdomo, na kioo kikafungwa blanketi, kikabebwa na abiria wa nyuma kama mtoto mgonjwa. Nusu ya kijiji iliwasindikiza mpaka mlangoni.

"Iko na kazi gani?" mama aliuliza, akichungulia bidoni.

"Ya kuogelea," Gentil akasema. "Unabapa chakula kidogo, unabadirisha maji, basi. Hata baridi yetu hawaiogope."

Akaunganisha kimashine cha kupuliza hewa kwenye betri ya sola, akakiweka na sponji yake ya kuchuja maji ndani ya kioo, akanywa chai, akaondoka. Hakueleza zaidi ya hapo, kwa sababu hata yeye hakuwa ameelezwa.

Kesho yake nilipotoka shule nilikuta kiti cha baba kimegeuka. Kilikuwa kimeupa ukuta mgongo. Baba ameinama mbele ya kioo, viwiko juu ya magoti, kama alivyokuwa akikaa zamani juu ya jiwe kule malishoni. Alinyoosha kidole kwenye samaki mmoja wa rangi ya machungwa.

"Huyu njo Gaju," akasema.

Nilisimama na mfuko wa madaftari begani, nikaogopa hata kuuweka chini. Gaju ni jina la ng'ombe mwekundu-mwekundu, wa rangi ya udongo mkavu. Baba akaendelea. Yule mwenye rangi nzito akawa Bihogo, mweupe akawa Gitare, na wale wadogo wawili akawaita ndama, watapewa majina wakikua. Ndani ya wiki moja alikuwa akiwaamulia ugomvi. Gaju anasukuma wenzake, ana kiburi. Gitare ni mpole, atakula mwisho. Kutoka kwa samaki maneno yakaanza kumwagika mpaka kwetu sisi. Aliuliza kama mvua imefika kule Ngungu. Aliuliza padri mpya anahubiri namna gani. Jioni moja alinitazama akasema, "Na weye Umuhoza, utaolewa siku gani?" Swali hilo huwa linanipandisha damu kichwani. Siku ile nilikwenda jikoni nikalia kwa furaha.

Basi kwa mama na mimi jambo lilikuwa wazi: samaki wakiishi, baba anaongea.

Na mama akafanya kile anachojua. Maji yaliyokuja na samaki yalikuwa na rangi ya chai hafifu, na ile sponji ilikuwa na matope ya kahawia. Mama aliitazama kama mtu aliyekuta panya ndani ya mtungi. Aliichemsha katika sufuria, akaisugua kwa sabuni, akaisuuza mpaka ikawa nyeupe kama siku ilipotoka dukani. Kioo alikisugua kwa majivu. Vijiwe vya chini alivitoa kimoja kimoja, akavipiga brosi. Maji ya Goma yote akayamwaga kwenye migomba, akaleta ya chemchemi, baridi na meupe, mpaka ukitazama huoni kama kuna maji. Samaki walionekana wanaelea hewani. Majirani walipita kusifu. Nilimwona mama anavyotembea kwa maringo.

Siku ya nne maji yakapata ukungu mweupe, kama maziwa yaliyotiwa maji na mchuuzi mwizi. Kwa mama hilo lilikuwa tusi. Akaosha tena kila kitu, mwanzo mpaka mwisho. Jioni yake samaki wote watano walikuwa juu kabisa ya maji, midomo inafunguka na kujifunga.

"Wanatafuta hewa," baba akasema. Akawatazama, akaitazama ndoo ya mama iliyokuwa bado inachuruzika karibu na mlango, akawatazama tena.

Ndama wa kwanza alikufa Jumanne. Baba mwenyewe alimchimbia shimo nyuma ya jiko. Mama akasema ni uchafu, kuna mahali haukutoka sawasawa, na kuanzia hapo akaosha kila siku. Siku mbili tu alizokwenda msibani kule Ngungu ndizo hakuosha; aliporudi akaosha, na ndama wa pili akafa. Akaosha asubuhi na jioni. Unajua mtu anayeokota maharage yaliyomwagika huku mfuko bado umetoboka? Ndivyo alivyokuwa mama, na mimi nilimsaidia kubeba maji. Siku Bihogo alipokutwa amelala ubavu juu ya vijiwe, baba hakuchimba shimo. Alimfunga katika jani la mgomba, akanipa mimi, akarudi kwenye kiti.

Maneno yakaanza kupungua. Kwanza akaacha kuuliza habari za mvua. Kisha akawa anaongea asubuhi tu. Nikirudi shule mama alikuwa ananingoja njiani, mikono imevimba kwa maji ya moto.

"Alisema nini leo?"

"Mama, niko natoka shule. Weye njo ulishinda naye."

"Mbele yangu alisema 'chumvi'. Ni hiyo tu. Labda kwako atasema." Kisha anageuka kabla sijajibu, anakwenda mpaka dirishani, anarudi, anainua ndoo, anaiweka. Alinitia wasiwasi hadi mimi mwenyewe nikawa siwezi kumaliza sahani ya chakula nimekaa.

Kule chini kwenye kinamasi kuna mtu anaitwa Marcellin, anafuga tilapia katika mabwawa matatu. Nilikwenda kumwona baada ya masomo. Maji yake ni ya kijani, mazito, yananuka, na mama amekuwa akisema miaka yote kwamba samaki wa pale hatamla hata akifa njaa. Lakini wanaruka humo, wanene, wana afya. Nikamweleza Marcellin shida yetu. Alisikiliza akiwa ameegemea jembe.

"Munaosha mara ngapi?"

"Kila siku. Sasa mara mbili."

"Na sponji?"

"Mama anaichemsha."

Marcellin aliliacha jembe likaanguka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye ukingo. Ilibaki kidogo tu nimsukume ndani ya bwawa lake.

Alikuja Jumapili, baba akiwa misani. Alikuwa ameshika ndoo ndogo iliyofunikwa. Akatia kidole ndani ya kioo, akakinusa, akatikisa kichwa.

"Mama, hii maji iko safi kupita. Njo ugonjwa yenyewe."

Mama alikuwa na ufagio mkononi. "Umesema?"

"Samaki anakunya na kukojoa mule mule mu maji yake. Inakuwa sumu. Sasa, kuko vidudu vidogo, macho haiwezi kuviona, njo vinakula ile sumu. Vinakaa ku mawe, ku kioo, zaidi sana mu sponji. Ile matope uliona, njo nyumba yao. Weye unavichemsha kila siku. Samaki inabaki na sumu yake, na hakuna wa kuila."

"Vidudu!" Mama akainua ufagio, na sikujua kama ni kwa kuongea tu. "Miaka makumi tatu niko napigana na vidudu. Batu ya hygiène walikuja kutoka Goma kuangalia kazi yangu, wakakosa neno. Na weye, muntu wa matope, unakuja mu nyumba yangu kuniambia nivichunge?"

Marcellin angeweza kuondoka, na singemlaumu. Alikuna kichwa. Mke wake naye ni wa watu wa ng'ombe, nadhani hilo ndilo lililotuokoa.

"Mama, samahani. Ukitaka maziwa igande, unatia nini ndani?"

"Ya jana. Kidogo."

"Na kama ya jana umeimwaga yote, umeosha kibuyu na maji ya moto, haikubakia hata tone?"

Mama alifungua mdomo. Ufagio ukashuka polepole mpaka ukagusa sakafu.

"Haigandi," akasema. "Inaoza."

Nilimwona akihesabu kwa vidole, bila sauti: ndama, ndama, Bihogo. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na mimi nilikuwa nimebeba maji ya kazi hiyo ndoo kwa ndoo. Alipoinua uso hakuwa analia. Alikuwa na hofu, hofu tupu, kama mtoto aliyevunja kitu cha watu.

"Papa asijue," akasema. "Nawaomba. Akijua ni miye niliwaua, hatanisemesha tena mpaka tutazikana."

Tukamwahidi. Marcellin akatoa masharti. Wiki tatu kioo kisisuguliwe. Kila Jumamosi toa robo moja tu ya maji, urudishe mengine kiasi kile kile, yaliyolala ndani ya nyumba yakaacha baridi ya chemchemi. Sponji isiguswe, siku ikiziba kabisa, ikamuliwe katika yale maji yaliyotolewa, bila sabuni, bila moto. Chakula chembe chache, wanachomaliza hapo hapo, siku nyingine wasipewe. Kisha akafunua ndoo yake. Ndani kulikuwa na jiwe kutoka bwawa lake la vifaranga vya samaki, lenye utelezi wa kijani.

"Hii njo maziwa yenu ya jana," akasema, akalitumbukiza taratibu kati ya Gaju na Gitare.

Mama alitoka nje. Nilimsikia anafua kitu ambacho kilikuwa kimefuliwa.

Wiki zile tatu Mungu asinirudishie. Mikono ya mama ilikosa mahali pa kukaa. Aliosha viti, miguu kwa mgongo. Aliosha majembe. Aliosha mbuzi wa jirani, na mbuzi akaja kushitaki kwa kelele kijiji kizima. Viatu vyangu vya shule viliacha rangi. Aliosha mawe ya njia kutoka mlangoni mpaka barabarani, na watu wakauliza kama askofu anakuja. Kila alipopita karibu na kioo aligeuza uso upande mwingine, kama anapishana na mtu waliyekosana. Kioo chenyewe kilianza kuota ukungu wa kijani pembeni, kisha mbele. Asubuhi moja nilimkuta amesimama hapo, mkono wake uko hewani, kidole kiko karibu kugusa kioo kutoka nje. Nikakohoa. Akaushusha mkono akaufuta kwenye kitenge, ingawa haukuwa umegusa kitu.

Lakini siku ya nane Gaju alishuka kutoka juu ya maji akabaki chini. Siku ya kumi Gitare alikula kabla ya mwenzake, na baba akasema, "Sasa huyu amepata akili." Mama alikuwa anamenya viazi. Alijikata kidole na hakusikia. Siku ya kumi na mbili baba aliniuliza kama Marcellin ana mdogo wake ambaye hajaoa. Nikajua tunaelekea kupona.

Halafu ikafika zamu yetu ya kupokea kikundi cha sala. Kila Alhamisi alasiri akina mama wa mtaa wanakaa nyumba moja, wanasali rozari, wanakunywa chai, na wakitoka hapo wanajua hali ya nyumba kuliko mwenyewe. Kiongozi wao ni Mama Libérata, mwanamke wa Mungu kweli, ila ulimi wake haujabatizwa.

"Upande wa mbele tu," mama aliniambia asubuhi ile. "Nitapitisha kitambaa upande wa mbele. Nyuma nitaacha."

"Ukianza hautaacha."

"Umuhoza."

"Mama, hapana."

Akakifunika kioo kwa kitenge chake cha misa. Baba akakiondoa, akakikunja, akampa. "Samaki wanataka kuona batu," akasema.

Akina mama walikuja kumi na wanne. Walisali. Macho ya Mama Libérata yalikuwa kwenye kioo kuanzia fumbo la pili la rozari, na baada ya Amina ya mwisho aliinuka, akaenda pale, akapitisha kidole kwenye ule ukijani wa ndani, juu kidogo ya maji. Akakiinua kidole wote wakakiona.

"Athanasie," akasema kwa huruma, na huruma ndiyo iliyouma. "Hata kwako? Weye njo tulikuwa tunaambia mabinti yetu waige."

Wengine walicheka kidogo, kicheko cha wageni. Mama alisema, "Karibuni chai." Akashika thermosi, akamimina mpaka kikombe cha mwisho bila kumtazama mtu. Nilitamani kuwaambia wote kwamba ule uchafu ulimgharimu mama kuliko usafi wao wote wa miaka. Lakini nilikuwa nimeahidi, na baba alikuwa pale pale kwenye kiti chake.

Walipotoka nilianza kupanga mabenchi. Nilipogeuka mama alikuwa ameingia na ndoo. Maji yalikuwa yanatoa mvuke. Kumbe aliyateleka wakati wageni bado wanakunywa.

"Mama, acha."

"Sponji peke yake."

"Imebaki siku chache tu!"

"Nitafanya polepole," akasema, na sauti yake haikuwa ya kunijibu mimi. Mkono mpaka kwenye kiwiko ulikuwa tayari ndani ya kioo. Gaju na Gitare wakakimbilia kona. Akaitoa sponji, imejaa, ya kahawia, inachuruzika juu ya sakafu, akaielekeza kwenye ndoo ya maji ya moto.

Hapo nikapoteza akili. "Mama, utawaua na hawa kama ulivyowaua wale!"

Maji yakimwagika hayazoleki. Nilisikia neno langu linazunguka chumbani na sikuwa na namna ya kulirudisha. Mama aliganda, sponji juu ya mvuke. Hakunitazama mimi. Aligeuka taratibu upande wa baba.

"Ni kweli," akasema. "Papa Gentil, ni kweli. Ni miye. Ni kuosha kwangu njo kuliwaua. Wale ndama. Na Bihogo."

Baba alikuwa anawatazama wale wawili kwenye kona.

"Najua," akasema.

"Nani alikuambia? Marcellin?"

"Hakuna muntu. Mimi niko muchungaji, Athanasie. Unaosha asubuhi, jioni wanapanda juu kutafuta hewa. Ulienda ku kilio kule Ngungu siku mbili, haukuosha, wakapata nguvu. Ulirudi, ukaosha, ndama akafa. Muchungaji gani hawezi kuona ile?"

Sijawahi kumsikia mama akimpandishia baba sauti. Siku ile alimpandishia. "Na ulinyamaza? Bihogo alikufa, na weye ulikuwa unajua, na ulikaa pale unaangalia tu?"

"Nilinyamaza."

"Juu ya nini?"

Baba alisugua magoti yake kwa viganja. Nilidhani maneno yameisha, kwamba tumerudi kwenye ukuta.

"Tangu ng'ombe ziende," akasema, "hujakaa hata siku moja. Mimi nilianguka siku ile ile, nikabaki chini. Weye ulishikilia brosi. Nilikuwa nasikia kila asubuhi unasugua vyombo haina kitu, nikasema, siku huyu mwanamke ataacha, atakufa. Halafu hii samaki ikakuja, ukapata kitu cha kuosha chenye kiko na uhai. Nikaona vile inaenda. Ni samaki, ao ni Athanasie." Akamtazama sasa, usoni kabisa. "Nikasema, heri samaki."

Mama aliitazama sponji mkononi mwake. Kisha akairudisha ndani ya kioo kama ilivyokuwa, na matope yake yote, akaisukuma chini ya kimashine mpaka ikakaa mahali pake. Akasimama hapo, mkono bado umo ndani ya maji, na mabega yakaanza kutikisika.

Siku ng'ombe walipochukuliwa mama hakulia. Hakulia mwaka ule wote, na mimi, mwalimu mzima, sikuwa nimeliona hilo. Sasa alilia kwa sauti, kama wanavyolia watu msibani, akiwaita ng'ombe wale kwa majina yao, wote kumi na tisa, na aliposahau mmoja baba alimtajia. Kisha baba akainuka kwenye kiti, akamtoa mkono ndani ya maji, akaushika hivyo hivyo ulivyokuwa na matope. Nilibeba ile ndoo ya maji ya moto nikaenda kuimwaga nje, nikakaa huko muda mrefu kuliko inavyohitaji ndoo moja.